Nyasi Zikiisha: Kulisha Kondoo kwa Mabua, Marando na Majani ya Miti

Katika nyanda kavu za Dodoma, Singida na kusini mwa Manyara, mvua hukatika Aprili au Mei. Kondoo hubaki na unono wao hadi Julai hivi, kisha uti wa mgongo huanza kuonekana. Ikifika Oktoba malisho yamebaki vishina vyeupe, na mfugaji anauza mnyama aliyekonda kwa bei ya hasara ili apate pesa ya kuwalishia waliobaki.

Chakula cha Oktoba kilikuwepo shambani mwezi Juni. Mabua ya mahindi na mtama yalikuwa yamesimama, majani ya karanga yalikuwa yamelundikwa penye kupukuchulia, maganda ya kunde na mbaazi yalikuwa uani. Mengine yakachomwa ili kusafisha shamba, mengine yakakanyagwa na ng'ombe wa jirani, mengine yakakauka juani hadi majani yote yakapukutika.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye kondoo watano hadi hamsini, unayetaka kuwavusha kiangazi kwa vitu vilivyo karibu nawe. Ukiwa Kajiado au Laikipia, ambako mvua ni za misimu miwili, badilisha miezi tu. Kazi ni ile ile.

KWA NINI KONDOO HUKONDA TUMBO LIKIWA LIMEJAA

Elewa jambo hili kwanza, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinatokana nalo.

Kondoo hucheua. Tumbo lake la kwanza, rumeni, limejaa vijidudu ambavyo ndivyo vinavyovunja nyuzi ngumu za mabua na nyasi. Kondoo mwenyewe hawezi. Vijidudu hivyo navyo vinahitaji kulishwa, na chakula chao ni protini. Chakula chote cha siku kikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu huzorota. Mabua hukaa tumboni muda mrefu bila kuvunjika, tumbo halitoi nafasi, na kondoo huacha kula. Utamwona ana tumbo kubwa na mgongo kama msumeno.

Sasa tazama viwango hivi vya protini, vikipimwa katika chakula kikavu:

- Mabua ya mahindi: asilimia 3 hadi 6
- Majani makavu ya mpunga na ya ngano: 3 hadi 5
- Majani makavu ya karanga na kunde: kama 10 hadi 15
- Marando ya viazi vitamu: kama 15, yakikatwa yakiwa bado mabichi
- Majani ya lusina (wengine huita lukina): zaidi ya 20

Mabua peke yake hayafiki kiwango. Yakichanganywa na majani ya jamii ya kunde, yanafika. Kwa hiyo unapokusanya, usihesabu mabua tu. Kila ukiweka ghalani kilo 7 za mabua, tafuta kilo 3 za majani ya karanga, kunde, mbaazi au miti. Mfugaji mwenye mlima wa mabua na hana majani hayo bado hajaweka akiba ya kiangazi.

NINI UKUSANYE, NA NINI UPITE

*Mabua ya mahindi, mtama na uwele.* Ndiyo mengi kuliko yote. Kondoo ana mdomo mwembamba na huchagua: atakula majani na maganda yanayofunika gunzi, ataacha shina nene. Usimlazimishe kumaliza shina. Kata mabua mara tu baada ya kuvuna, yakiwa bado na rangi ya kijani kwa mbali. Kila wiki yanayosimama juani yanapoteza majani, yaani sehemu anayoitaka kondoo.

*Majani ya karanga na kunde, maganda na majani ya mbaazi na maharage.* Hii ndiyo dhahabu ya ghala lako. Wakulima wengi wa mbaazi wa Babati na Kondoa hawafugi kondoo wa kutosha kuyamaliza, na huyatoa bure au kwa bei ndogo ukienda na mkokoteni siku ya kupukuchua. Nenda siku hiyo hiyo. Ukichelewa siku tatu utakuta vijiti.

*Marando ya viazi vitamu.* Yapewe mabichi yaliyonyauka kwa saa chache, au yakaushwe. Kondoo huyapenda mno.

*Majani ya miti: lusina, gilirisidia, kaliandra, sesbania.* Panda kwenye mipaka na kingo za makinga maji. Gilirisidia ina harufu ambayo kondoo huikataa mwanzoni. Yaache majani yanyauke usiku kucha, uyachanganye na kitu anachokipenda, naye atayazoea. Lusina ina protini nyingi, lakini ina sumu iitwayo mimosini, ambayo ikizidi humnyonyoa manyoya na kumvimbisha tezi ya shingo. Isizidi theluthi moja ya chakula cha siku.

*Maganda ya mbegu za migunga.* Yakianguka chini ya mti kiangazi, watoto huweza kuokota gunia zima kwa asubuhi moja. Yana protini nzuri, ila mbegu zake ni ngumu na nyingi hutoka kwenye kinyesi zikiwa nzima. Yatwange au yasage kwanza. Usiyaweke muda mrefu bila kusaga, maana wadudu hutoboa mbegu na kubakiza ganda tupu.

*Maganda ya mathenge.* Wasomaji wa Baringo, Turkana, Garissa na Tana River wanaujua mti huu kwa uchungu. Maganda yake ni matamu na yana protini, lakini yasagwe hadi mbegu zivunjike. Ukilisha mazima, kondoo wako watazipanda mbegu kila wanapokunya. Yasizidi robo ya chakula.

*Majani makavu ya mpunga na ngano.* Yanapatikana kwa wingi Mbarali, Kahama, Mwea, Narok na Magharibi ya Kilimanjaro. Ni laini kuliko mabua ya mahindi lakini ni maskini kuliko yote. Ndiyo yanayofaa zaidi kutibiwa kwa urea, kama utakavyoona mbele.

*Migomba na mpungate.* Shina la mgomba na mpungate usio na miiba ni maji karibu yote. Vinasaidia kondoo mahali maji yalipo adimu, lakini visihesabiwe kuwa chakula. Mpungate wenye miiba uchome kwanza motoni hadi miiba yote iishe, la sivyo utamjeruhi mdomo na macho.

*Pita:* maganda magumu ya mpunga. Wako wauzaji wanaoyachanganya na pumba laini. Chukua kiganja, sugua, kisha puliza. Yanayoruka na kukwaruza mkono ni maganda, na kwa kondoo hayana faida.

Kama ukoo wako una eneo la kutengwa, ngitili kwa Wasukuma au alalili kwa Wamaasai, anza na hilo kabla ya ghala. Nyasi zilizofungiwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi hazihitaji kukatwa wala kubebwa. Shinyanga walizifufua ngitili kupitia mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, na hadi leo ni mfano wa kuigwa. Akiba ya ghalani inakuja kujazia pale ngitili inapoishia.

PIGA HESABU KABLA YA KUBEBA

Kondoo mkubwa wa kienyeji, wa kilo 30 hivi, hula kama kilo 1 ya chakula kikavu kwa siku. Ongeza asilimia 20 hadi 30 atakayobakiza.

Mfano wa kondoo 20 kwa siku 120, kama malisho bado yanawapa nusu ya chakula chao:

1. Chakula cha kuongeza: nusu kilo × 20 × 120 = kilo 1,200.
2. Ongeza robo kwa ajili ya mabaki: kilo 1,500.
3. Gawa: mabua kama kilo 1,050, majani ya jamii ya kunde na miti kama kilo 450.

Ekari iliyotoa magunia 10 ya mahindi huacha mabua yenye uzito unaofikia au kupita uzito wa mahindi yenyewe, yaani tani 1 au zaidi. Kwa hiyo mabua ya ekari moja au moja na nusu yanatosha. Kazi kubwa ipo kwenye zile kilo 450 za majani, na ndiyo maana nimekuambia uende kwa jirani siku ya kupukuchua.

Hesabu ikikataa, punguza kondoo Julai wakiwa bado wanono. Anza na madume yasiyo ya mbegu, kisha majike wazee. Fungua midomo yao uangalie meno: aliyepoteza meno ya mbele hatayaweza mabua hata uyakate vipi.

KUKUSANYA NA KUHIFADHI

1. Kata mabua, yaache yanyauke shambani siku 2 au 3, kisha yafunge mafungu na kuyasimamisha kivulini.
2. Majani ya karanga, kunde na miti yakaushe kivulini juu ya turubai. Jua kali huyafanya yapukutike, na yale mapukutiko ndiyo yenye protini. Yakusanye na kuyatia kwenye magunia.
3. Hakikisha yamekauka. Chukua konzi moja, sokota: yakivunjika yako tayari, yakijikunja bila kuvunjika bado.
4. Funga marobota. Kasha la mbao lililo wazi juu na chini, lenye urefu wa sm 85, upana sm 55 na kina sm 45, hutoa robota la nyasi la kilo 20 hivi ukishindilia kwa miguu. Tumia kamba za mkonge. Kipande cha kamba ya nailoni akikimeza kondoo hakisagiki, hukaa tumboni hadi kinaziba.
5. Panga juu ya chanja au magogo, angalau sm 15 kutoka ardhini, chini ya paa, mbali na jiko. Acha nafasi ya kupitisha hewa.
6. Tia mkono katikati ya lundo mara moja kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Ukikuta joto au unyevu, fumua uanike upya siku hiyo hiyo.

Chochote chenye ukungu mweusi, kijani au mweupe kisiliwe. Ukungu wa magunzi na karanga zilizobaki kwenye majani unaweza kuwa na sumukuvu, na jike mwenye mimba anaweza kuharibu mimba kwa sababu hiyo. Kifanye mboji.

KULISHA, SIKU YA KWANZA HADI YA KUMI NA NNE

Vijidudu vya tumboni vinahitaji muda kuzoea chakula kipya. Wafugaji wengi huanza kulisha kondoo wakiwa wameshakonda, kisha wanawapa kingi kwa siku moja. Anza mapema, nyasi zikiwa bado zipo.

1. Katakata mabua vipande vya sm 2 hadi 5 kwa panga juu ya gogo au kwa mashine. Usisage yakawa unga. Kondoo anahitaji nyuzi ndefu kidogo ili acheue.
2. Siku ya 1 hadi ya 4, weka kiasi cha robo ya kipimo utakachofikia. Siku ya 5 hadi ya 9, nusu. Kisha ongeza kidogo kidogo hadi ufikie kipimo kamili siku ya 14.
3. Wakiyasusia, nyunyizia maji yenye chumvi kidogo, au molasi lita 1 iliyochanganywa na maji lita 3 kwa kila kilo 10 hadi 15 za mabua. Lisha siku hiyo hiyo.
4. Weka ndani ya hori. Kila jike apate sm 30 hadi 40 za ukingo. Chakula kilichomwagwa chini hukanyagwa, hulowa mkojo na hubeba minyoo.
5. Gawanya mara mbili: asubuhi kabla ya kutoka, jioni wakirudi. Majani ya jamii ya kunde toa jioni, yakiwa yamechanganywa na mabua.
6. Mabaki ya asubuhi yaondoe. Wape punda au ng'ombe, au tandika zizini.
7. Maji. Chakula kikavu huwafanya wanywe zaidi, kama lita 3 hadi 5 kwa siku kwa kila mmoja, na anayenyonyesha zaidi ya hapo. Kondoo asiyepata maji hawezi kula mabua.
8. Jiwe la chumvi liwepo muda wote.

Pima chakula mara moja kwa mizani ya duka la jirani, kisha weka alama kwenye ndoo au kikapu. Baada ya hapo hutahitaji mizani.

KIPIMO CHA SIKU KWA KONDOO WA KILO 30 ASIYEPATA KITU MALISHONI

Jike asiye na mimba, au mimba changa: mabua kilo 1 (atakula kama gramu 700), majani makavu ya kunde, karanga au miti gramu 300.

Jike katika wiki 6 za mwisho za mimba: mabua gramu 700, majani gramu 400, mashudu ya alizeti gramu 150.

Jike anayenyonyesha: kama huyo, na mashudu yafike gramu 200, pamoja na pumba za mahindi gramu 200.

Usipuuze mstari wa pili. Mimba ya kondoo huchukua miezi mitano hivi, na mtoto hukua zaidi katika wiki sita za mwisho. Wakati huo huo mimba inabana tumbo, na mama hawezi kula mabua mengi hata akitaka. Mwenye pacha akilishwa mabua matupu huweza kuanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake kupita kiasi: anajitenga, anakosa hamu ya kula, anatembea kama kipofu, kisha analala asiinuke. Ukifika hapo, tiba mara nyingi haifui dafu. Watenge wenye mimba kubwa mapema na uwape hori lao, maana kwenye hori la pamoja madume huwasukuma.

Pumba zina kikomo chake pia. Dume anayelishwa pumba nyingi bila maji na chumvi ya kutosha hupata vijiwe kwenye njia ya mkojo. Ukimwona anajikamua bila kutoa mkojo, muite daktari wa mifugo siku hiyo.

MABUA YA KUTIBIWA KWA UREA

Njia hii hulainisha majani ya mpunga na ngano na kuyaongezea nitrojeni ambayo vijidudu huigeuza kuwa protini. Inafanya kazi, lakini nakushauri uichague tu kama majani ya jamii ya kunde hayapatikani, na kama kuna mtu mzima mmoja atakayesimamia kila hatua.

Mahitaji: majani makavu kilo 100, mbolea ya urea kilo 4, maji lita 50, nailoni nzito isiyo na tundu. Mbolea nyingine yoyote haifai.

1. Yeyusha urea yote kwenye maji mpaka isibaki punje.
2. Tandaza majani kwa tabaka kwenye nailoni au shimo lililotandikwa nailoni. Kila tabaka linyunyizie kwa usawa, lishindilie.
3. Funika, ziba kingo kwa udongo, weka mawe juu. Hewa isiingie.
4. Subiri siku 21.
5. Fungua. Rangi iwe ya kahawia ya dhahabu na harufu kali ya kuchoma pua. Toa kiasi cha siku moja, kipe hewa usiku kucha, kisha lisha. Ziba tena.
6. Wazoeshe kwa wiki mbili, ukichanganya na yasiyotibiwa.

HATARI

- Kondoo asinywe maji ya urea hata kidogo. Mwaga yaliyobaki ndani ya shimo, osha ndoo, funga mfuko uliobaki ndani ya nyumba.
- Usiwape majani yaliyotibiwa wana-kondoo walio chini ya miezi 6, mnyama mgonjwa, au mwenye njaa kali.
- Dalili za sumu huja haraka: kutetemeka, kutokwa na povu, tumbo kujaa gesi, kuanguka. Mnyweshe kondoo mkubwa nusu lita ya siki polepole, bila kumwinua kichwa sana asije akapaliwa, huku ukimpigia simu daktari wa mifugo.

VISIINGIE HORINI

- Mtama mchanga usiofika kiunoni, au machipukizi yake baada ya ukame: yana sumu ya sianidi inayoua kwa dakika.
- Maganda na majani mabichi ya mhogo, kwa sababu hiyo hiyo. Maganda yakate vipande vidogo, anika juani siku 3 au 4 hadi yakauke kabisa.
- Majani ya mparachichi, yawe mabichi au makavu.
- Mnyonyo (mbarika), majani ya viazi mviringo na ya nyanya.
- Mabaki ya shamba lililopuliziwa dawa karibuni. Mwulize mwenye shamba.
- Chakula cha kuku au nguruwe, na matandiko ya banda la kuku. Kondoo hawezi kuvumilia shaba kama wanyama wengine; humlimbikia kwenye ini wiki kwa wiki, kisha siku moja anakojoa mkojo mwekundu na kufa. Hata madini ya ng'ombe, soma lebo kwanza. Nunua yaliyoandikwa kwamba ni ya kondoo.

UKAGUZI WA KILA WIKI

☐ Saa sita mchana wakipumzika, angalau nusu yao wanacheua.
☐ Vinyesi ni vidonge laini kiasi. Vikiwa vikavu, vigumu na vyenye nyuzi ndefu, ongeza majani ya jamii ya kunde au maji.
☐ Bonyeza kwa vidole uti wa mgongo nyuma ya ubavu wa mwisho. Ncha zikihisi kali kuliko wiki iliyopita, chakula hakitoshi. Kwa kondoo wa Kimaasai na wenye vichwa vyeusi, angalia pia mafuta ya mkia.
☐ Hori limebaki na robo hivi. Likiwa tupu kabisa, umewapa kidogo. Likibaki nusu, mabua ni magumu mno.
☐ Hakuna anayebaki nyuma wakati wa kutoka.

Macho usiyaamini peke yake. Manyoya huficha mifupa, na mkono hugundua kukonda wiki mbili kabla ya jicho.

MVUA ZA KWANZA

Hapa ndipo wafugaji wengi huacha kulisha mapema mno. Nyasi zinazochipua zimejaa maji, na kondoo aliyekaa miezi minne kwenye mabua akizivamia hupata kuharisha au kujaa gesi. Kwa wiki mbili za kwanza, endelea kuwapa mabua asubuhi kabla ya kutoka, na uwatoe umande ukishakauka. Wapitishe mbali na mashamba ya mtama yanayochipua upya. Kama hujawachanja dhidi ya ugonjwa wa sumu ya utumbo unaowapata wanaobadilishiwa chakula ghafla, ongea na afisa mifugo wa kata kabla ya mvua, maana kinga inahitaji wiki kadhaa kujengeka. Minyoo nayo huamka na mvua. Panga dawa wiki ya tatu au ya nne, baada ya kukagua weupe wa kope za ndani.

Marobota yaliyobaki yahamishie upande mmoja wa chanja na uyafunike vizuri yasivujiwe. Msimu ujao yatoe hayo kwanza, kabla ya mapya.